Koti Juu ya Mbichi

Wapendwa, leo sitawauliza nani amewahi kujenga nyumba, maana najua watainua mikono hata wenye mabanda ya kuku. Nitauliza jepesi zaidi. Nani hapa amewahi kupaka rangi? Mlango, dirisha, kitanda cha chuma, chochote. Haya, shusheni. Karibu wote. Basi mfano wa leo mtauelewa bila mimi kuhangaika sana.

Palikuwa na mafundi wawili wa rangi, ndugu wa tumbo moja, mkubwa na mdogo. Karakana yao ilikuwa kandokando ya barabara kuu, kule juu kwenye mashamba ya chai, kwenye baridi kama hii yetu na ukungu unaoingia mpaka mifukoni. Hawakupaka kuta za nyumba. Kazi yao ilikuwa chuma: matangi ya maji, matela ya magari makubwa, mageti, mashine za kiwandani. Na rangi ya chuma, ndugu zangu, si mchezo. Ukuta ukiupaka vibaya unapata aibu tu. Chuma ukikipaka vibaya kinaoza.

Sasa, chuma hakipakwi kwa njia moja. Iko njia ya brashi, ile ya wenye subira, inayofika kwenye pembe na kwenye vichwa vya bolti. Iko ya rola, kwa sehemu pana. Viko vyuma vinavyochovywa vizima kwenye pipa la rangi kama mnavyochovya maandazi kwenye chai. Siku hizi iko hata rangi ya unga, inapulizwa kavu, halafu chuma kinaingizwa kwenye tanuru kikaokwe. Na iko bunduki. Msishtuke, ni bunduki ya kupulizia rangi, ina bomba lake na kompresa yake inayonguruma, na ukiishika vizuri inaacha rangi laini kama kioo, hata unaweza kunyoa ndevu mbele yake.

Mkubwa ndiye aliyeshika bunduki. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mkono wake ulitembea kwa mwendo mmoja, maana ukisimama rangi inatiririka, na ukikimbia inabaki vumbi vumbi. Mdogo yeye alishika msasa na brashi ya waya. Kazi yake ilikuwa kusugua chuma kabla hakijapakwa, kutoa kutu, kufuta mafuta, mpaka chuma kibaki kitupu kabisa. Mteja akija kuchukua mzigo wake anasifu nini? Anasifu mng'ao. Mmewahi kumwona mtu anasimama mbele ya geti akisema, lo, hapa pamesuguliwa? Hayupo. Lakini mdogo hakujali. Alikuwa mtu wa kucheka, anayependa chai yenye sukari nyingi, na alimpenda kaka yake kuliko kaka yake alivyojua.

Kwa lugha yao mafundi, kila tabaka la rangi linaitwa koti. Koti la kwanza, koti la pili, koti la mwisho. Na makoti yana sheria moja ambayo hata anayeanza kazi leo anafundishwa kabla ya chakula cha mchana: koti la pili halivalishwi mpaka la kwanza likauke. Na kukauka kwenyewe kuna ujanja, maana rangi inakauka ngozi kwanza, nyama baadaye. Ukiitazama kwa macho utasema tayari. Ndiyo maana fundi hatazami. Anabonyeza kwa kidole gumba, anazungusha kidogo. Alama ikibaki, ujue ndani ni mbichi. Unaondoka zako, unarudi kesho. Ukipuliza juu ya mbichi, unyevu unabaki umefungiwa humo ndani, unatafuta pa kutokea, na siku moja utatoka tu.

Sasa sikilizeni. Chama kimoja cha wakulima wa chai kikaleta tangi kubwa la maji, la chuma, la kusimamishwa kwenye miguu minne katikati ya kituo chao. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Mdogo akalisugua siku sita. Alisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Alhamisi asubuhi akaletewa habari ya msiba ukweni kwake, akamuaga kaka yake, akaondoka. Mkubwa akabaki peke yake na tangi. Siku hiyohiyo akapuliza koti la kwanza, akapuliza vizuri. Kwa baridi ile, koti lile lilitaka siku mbili kamili, pengine tatu.

Jioni hiyo mwenyekiti wa chama akatuma ujumbe: "Fundi, Jumamosi nakuja na wageni kuliona tangi. Liwe tayari."

Ijumaa asubuhi mkubwa akaenda kwenye tangi. Ukungu ulikuwa umelala juu yake, umande unatiririka. Akabonyeza kidole gumba, akazungusha. Alama ikabaki.

Wapendwa, nataka tusimame naye hapo kidogo. Tusiwe na haraka kama yeye. Alikuwa na njia. Angeweza kumwambia mwenyekiti, njoo Jumatatu. Ni maneno mawili tu. Mwenyekiti angenung'unika, wageni wangerudi siku nyingine, dunia ingeendelea. Lakini alikwisha kuwaona wageni wale kichwani mwake, wamesimama, wanashika viuno, wanauliza nani kafanya kazi hii. Sifa ni tamu, jamani. Tusijifanye hatuijui ladha yake. Akachukua kitambaa, akafuta umande, akawasha kompresa, akapuliza koti la pili juu ya mbichi, na kabla jua halijazama akapuliza na la tatu.

Jumamosi tangi liliwaka. Wageni waliona nyuso zao humo, wakapiga picha, mwenyekiti akampa mkono mara mbili. Jumatatu mdogo akarudi kutoka msibani, akakuta tangi limeshachukuliwa.

"Kaka, lilikauka vizuri kweli, na ukungu huu?"

"Ungewaona watu walivyosifu, mdogo wangu! Mpaka picha wamepiga."

Mdogo akacheka, akafurahi kabisa, akaenda kuchemsha chai. Ninyi mmesikia alichouliza na mmesikia alichojibiwa. Je, alijibiwa?

Basi mvua zikaja, jua likaja, mvua zikaja tena. Kabla mwaka haujageuka, tangi likaota malengelenge. Yakawa yanapasuka, na rangi ikaanza kubanduka. Siku moja, karakana ina wateja wamekaa kwenye viti wanasubiri mizigo yao, mwenyekiti akaingia ameshika kipande cha rangi kikubwa kama sahani. Akakitupa mezani.

"Fundi, hii ni nini? Tulileta tangi, mmetupa nyoka anayejivua gamba! Nani alifanya kazi hii?"

Mkubwa alikitazama kile kipande. Kwa upande wa ndani kilikuwa laini, kina vitundu vidogo, na yeye alijua habari yake yote. Alijua hata ilikuwa siku gani. Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika msasa wake, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wanatazama. Mkubwa akafungua mdomo.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi kazi yangu ni kupuliza. Kusugua alisugua mdogo wangu."

Amesema uongo? Niambieni. Mpelekeni mahakamani, mpelekeni kwenye baraza la wazee, mtampata na neno gani? Kupuliza alipuliza yeye. Kusugua alisugua mdogo wake. Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa maneno ya kweli matupu akamvua ndugu yake nguo mbele ya watu.

Sasa mwelewe jambo moja, maana hapa ndipo mfano wote ulipokaa. Malengelenge ya rangi hayasemi yametoka wapi. Umande unaweza kuyaleta. Haraka inaweza kuyaleta. Na mafuta kidogo yaliyosahauliwa kwenye chuma, pale mtu aliposugua akiwa amechoka, nayo yanaweza kuyaleta. Mdogo alitazama kile kipande, halafu akatazama mikono yake.

"Kama ni kusugua, basi ni mimi," alisema. "Mwenyekiti, nisamehe. Nitalirudia."

Akalirudia peke yake, siku kumi na moja, juu ya ngazi, kwenye mvua. Mkubwa alikuwa anapita barabarani anamwona kwa mbali. Mara mbili alisimamisha baiskeli. Mara mbili akapanda tena akaenda.

Watu hawana huruma na majina. Wakaanza kumwita mdogo Fundi Magamba. Kwanza ilikuwa utani, halafu likawa jina. Wateja wakawa wanakuja karakana wanasema, hili geti langu naomba Magamba asiliguse. Yeye alikuwa anatabasamu, anasogea pembeni. Baada ya miezi kadhaa akamwambia kaka yake kwamba anarudi kijijini kwa mkewe, atatafuta kazi ndogondogo huko. Mkubwa hakumzuia. Na niwaambie ukweli, alipoondoka mkubwa alipumua, maana ni kazi ngumu kunywa chai kila siku na mtu uliyemfanyia vile.

Lakini pumzi hiyo haikudumu. Alikuwa akipuliza tangi jipya, mkono unatembea vizuri, halafu ghafla anamwona mdogo wake amesimama mlangoni na vumbi kwenye kope. Alianza kutuma vitu. Sikukuu ya Krismasi akatuma blanketi mbili nzito. Mwaka uliofuata akatuma mabati ya kuezekea jiko. Mtoto wa mdogo wake alipopata kipaimara, yeye ndiye aliyetoa mbuzi. Watu wakasema, kaka wa namna hii mtu unampata wapi? Fundi wa rangi, anayejua kuliko sisi sote kwamba huwezi kufunika mbichi, alikuwa anavalisha koti juu ya koti.

Mwisho moyo ukamshinda. Akaamua kwenda. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno manne: nilipuliza juu ya mbichi. Aliyasema kwenye kilima, akayasema kwenye daraja, akayasema kwa sauti mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akageuka kumtazama. Akafika mchana, akapokewa kwa furaha, maji ya kunawa, wali, maharage, na kuku aliyekamatwa kwa haraka uani. Mdogo alikuwa amepungua kidogo. Alikuwa anakohoa. Lakini kicheko kilikuwa kilekile.

Mkewe alipotoka kwenda kuleta chai, mkubwa akaona sasa ndiyo saa yake. Akaweka kijiko chini. Maneno manne yakafika kooni, yakasimama.

"Mdogo wangu," alisema. "Lile jambo la tangi... Naona yaishe."

Mdogo aliacha kutafuna. Machozi yakamlengalenga. Akanyanyuka kwenye kiti chake, akamshika kaka yake mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa migumu kama kiatu cha zamani.

"Asante, kaka," alisema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Mkubwa naye akalia. Wakala, wakacheka, wakakumbuka mama yao alivyokuwa akiwafukuza na mwiko. Alirudi nyumbani mwepesi kama mtoto. Yameisha! Amesamehewa! Kitu kimoja tu kilimkuna kidogo njiani: mtu akiombwa radhi, hujibu asante? Lakini alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapendi kujikuna. Akakiacha.

Miaka ikapita minne. Mdogo aliendelea na kazi zake za milango na madirisha, kwa brashi. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja wake hawakuuelewa: hakuweza kuacha kusugua. Mlango wa kusuguliwa mara moja alisugua mara tatu. Anamaliza, anapapasa, anatikisa kichwa, anaanza tena. Wateja walichoka wakaenda kwa wengine. Vumbi la rangi za zamani liliingia kifuani likakaa. Hospitali walimwambia aache msasa, na alikuwa hawezi. Sisemi kilichomuua ni nini. Mungu anajua na madaktari wanajua. Mimi nasema tu kwamba alikufa kwa kifua, na alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mkubwa akafika msibani mapema, asubuhi ya mazishi. Shemeji yake, mke wa marehemu, akaomba azungumze naye pembeni, nyuma ya jiko lile lenye mabati yake.

"Shemeji," alisema, "marehemu aliniachia neno lako. Alisema nikushukuru."

"Anishukuru mimi? Kwa lipi, shemeji?"

"Kwa kumsamehe. Mimi mwenyewe nilikuwa naleta chai siku ile, nikasikia mlangoni. Maskini, mume wangu aliteseka sana na lile tangi. Usiku alikuwa ananiuliza, mama watoto, ni wapi nilipoacha mafuta? Nilisugua siku sita, ni wapi? Aliona amekuharibia kazi na jina mbele za watu. Halafu wewe ukapanda milima yote ile, ukaja kwenye meza yake ukamwambia yaishe, wala hukulitaja kosa lake. Alikuwa anawaambia watoto, muwe na moyo kama wa baba yenu mkubwa."

Mkubwa akayatazama yale mabati.

Mmeelewa, wapendwa? Yeye alikwenda kuomba msamaha, na mdogo wake akadhani amekwenda kuutoa! Neno moja, yaishe, limetoka kinywani mwa mkosaji likaingia sikioni mwa mkosewa, na njiani likageuka. Blanketi zile, mabati yale, mbuzi yule, vyote vilikuwa vinamwambia mdogo jambo moja: tazama kaka yako alivyo mwema, na wewe ulivyomharibia. Kila zawadi ilimzidishia hatia isiyokuwa yake. Na aliposugua mlango mara ya tatu, alikuwa anatafuta kosa ambalo halikuwahi kuwapo kwenye mikono yake.

Shemeji hakuwa amemaliza.

"Nakuomba kitu kimoja, shemeji yangu. Watoto shuleni wanaitwa watoto wa Magamba. Leo ukisimama kusema neno la ukoo, waambie watu kwamba wewe ulishamsamehe baba yao. Wakisikia kutoka kwako, watainua vichwa."

Saa ya neno la ukoo ikafika. Mkubwa akasimama kando ya jeneza. Watoto watatu wamekaa mbele yake mstari mmoja, wa mwisho ana miaka minane, wanamtazama kama mtu anayetazama mvua inakuja baada ya kiangazi. Mwenyekiti wa zamani yupo. Wateja wa zamani wapo. Wale wote waliokuwapo siku ya kipande cha rangi, karibu wote wapo. Mungu alimkusanyia watu wake, akamwekea na kimya. Maneno manne yakapanda tena. Yakafika kooni.

"Ndugu zangu," alisema, "mdogo wangu alikuwa mtu mwema. Na kama kuna mahali alinikosea, mimi nilishamsamehe siku nyingi."

Watu wakasema amina. Kina mama wakalia kwa sauti. Mzee mmoja akamshika bega akamwambia, umeonyesha mfano. Na wale watoto wakainua vichwa kweli, wapendwa, wakainua vichwa kwa kusamehewa baba yao kosa la mtu aliyekuwa amesimama pale.

Jeneza likashushwa.

Nimesikia msonyo kule upande wa kina mama. Sikatai, sonyeni. Hata mimi nilipomfikiria mtu huyu nilimsonya. Ningependa kuwasimulia kwamba alirudi kesho yake akakusanya watu, akasema. Siwezi. Yule mtu bado anapuliza matangi, na mkono wake bado unatembea vizuri, na kila mwaka anapeleka kitu kwa wale watoto. Anapeleka vingi kuliko zamani. Anaumia, msidhani haumii. Kuna siku anasimama katikati ya kazi, kompresa inanguruma, na bunduki imeshuka chini mpaka rangi inamwagika kwenye viatu vyake. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kusikia yale maneno manne amelala chini ya udongo, naye alikufa akisema asante.

Sasa tuache kumsonya, tujiangalie sisi. Sisi ni watu wa kuomba radhi, tena sana. Lakini hebu tusikilize tunavyoomba. Tunasema yaishe. Ni nini hayo yaishe? Hatusemi. Ni 'ya' tu. Kaherufi kadogo, na tumeficha humo kosa zima, na ndugu yako akitaka kujua ni yapi, ataonekana yeye ndiye mgomvi. Au tunasema tusameheane. Haya, tusameheane! Mimi nimekupiga, wewe umepigwa, sasa tumekuwa wakosaji wawili. Na lile linalonichosha kuliko yote, nisamehe kama nimekukosea. Kama! Umemsema vibaya mchana kweupe, mashahidi wapo, na bado unasema kama. Lugha yetu ni tajiri, wapendwa, na sisi tumeutumia utajiri wake kushona makoti.

Msinielewe vibaya. Sisemi zawadi ni mbaya. Sisemi amani ni mbaya. Nasema mtu uliyemkosea anaweza kuwa amebeba kosa lako sasa hivi, leo, amelala nalo na kuamka nalo, anajiuliza ni wapi alipoteleza. Wewe unadhani anakuchukia. Afadhali angekuchukia! Pengine anajichukia mwenyewe. Pengine ni mke wako. Pengine ni mtoto wako ambaye ulimwambia neno siku ile ulipokuwa na hasira za kazini, na tangu siku hiyo anaamini hana akili. Ukimnunulia viatu vipya, ataambiwa na nani kwamba lile neno lilikuwa la uongo? Wewe peke yako ndiye unayejua. Ukifa, halina shahidi. Akifa yeye, halina msikilizaji.

Kesho tunakwenda kwenye Meza ya Bwana. Nilikuwa nimepanga hapa nifunge kwa maombi, tuimbe, tutawanyike. Nimeshindwa. Wiki nzima nimeandaa mfano huu kwa ajili yenu, na wiki nzima umekuwa ukinirudia mimi.

Mama Aginiwe. Ndiyo, wewe, uliyekaa benchi la mwisho. Naomba usiinamishe kichwa. Miaka kumi na tisa umetunza kabati la vyombo vya Meza, umeosha vikombe, umepiga pasi vitambaa. Mwezi wa pili ufunguo ulipotea, na mbele ya usharika huu mimi nilisema, mwenye kutunza ufunguo ni Mama Aginiwe. Lilikuwa neno la kweli. Baada ya hapo ukaacha huduma, ukahamia benchi la nyuma, na mimi nikakuletea sukari nyumbani, nikakuambia yaishe.

Ufunguo ulikuwa kwangu. Ulinipa mkononi, nikautia kwenye mfuko wa joho langu la zamani nikasahau, ukateleza kwenye mshono uliofumuka. Niliuona wiki tatu zilizopita, nikanyamaza, kwa sababu niliona haya. Hukupoteza kitu, Mama. Nilipoteza mimi. Wazee wa kanisa, naomba mnipishe njia nishuke nimfuate pale alipo, mbele ya watu wote, maana mbele ya watu wote ndipo nilipomwaibisha.